Bahari yangu inaonekana kama ukuta. Aivazovsky aliwezaje?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mikindani, nina miaka 26, sijasoma sanaa popote. Nachora bahari, ngalawa na majahazi, nawauzia wageni na watu wa Mtwara mjini. Natumia rangi za mafuta hizi za kupakia milango, juu ya kitambaa cha merikani. Mwezi uliopita mteja mmoja aliitazama picha yangu kubwa akasema, 'Hii siyo bahari, huu ni ukuta uliopakwa bluu.' Iliniuma, lakini kila nikiiangalia naona kasema kweli. Kwenye simu nimekutana na picha za Aivazovsky, mchoraji wa bahari wa Urusi. Mawimbi yake yanapitisha mwanga kama chupa. Rafiki yangu anasema alikuwa na rangi ya siri, na kwamba nyuma ya picha aliweka taa. Mwingine ananiambia jamaa alichora amejifungia ndani, bahari haioni. Sasa niache kwenda kukaa ufukweni? Nipige picha kwa simu ninakili? Bila rangi zake nitafika? Halafu nina picha kama kumi za zamani, nizipake juu nianze upya?"

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni mengi ila wasiwasi naona ni mmoja: unahofia kuna kitu wenzako wanakijua, kimefungiwa chuoni au dukani, nawe uko Mikindani hukifikii. Nitakujibu kwa urefu, maana hofu hiyo nimeiona ikiwakatisha tamaa vijana wengi wenye mkono mzuri.

Tuimalize habari ya taa kwanza. Kisa hicho kinasimuliwa zaidi kuhusu mchoraji mwingine wa Urusi, Arkhip Kuindzhi. Mwaka 1880, mjini St. Petersburg, alionyesha picha moja tu, usiku wa mbalamwezi juu ya mto Dnieper. Aliitundika kwenye chumba kilichotiwa giza, akaimulika kwa taa ya umeme kutoka mbele, na watazamaji wakawa wanachungulia nyuma wakitafuta kinachowaka. Hapakuwa na kitu. Kuindzhi huyo huyo ujanani alikwenda kwa Aivazovsky akitaka kufundishwa, na inasimuliwa kwamba kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza rangi za wengine. Na zile rangi alizozijaribu kwenye picha ya mwezi hazikutulia. Picha imekuwa nyeusi kuliko alivyoiacha. Ukisikia tena habari za rangi ya siri, kumbuka hilo.

Sasa Aivazovsky mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1817 Feodosia, mji mdogo wa bandari kwenye rasi ya Crimea, Bahari Nyeusi. Wazazi wake walikuwa Waarmenia, na jina la ubatizo ni Hovhannes. Ivan ni la Kirusi. Baba alikuwa mfanyabiashara aliyefilisika baada ya tauni kuupiga mji mwaka 1812. Mtoto akawa anachora kwa mkaa kwenye kuta zilizopakwa chokaa, mpaka mkuu wa mji, Alexander Kaznacheev, akavutiwa na kazi yake na kumshika mkono. Mwaka 1833 akaingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme, St. Petersburg. Hapa sitakudanganya: alisoma, tena vizuri. Alikuwa na mwalimu wa mandhari, Maxim Vorobiev, alipata medali ya dhahabu mwaka 1837, na mwaka 1840 akapelekwa Italia, ambako picha yake ilimvutia Papa Gregory XVI. Aliporudi mwaka 1844 akafanywa mchoraji wa makao makuu ya jeshi la majini. Mtu wa namna hiyo hukaa mji mkuu ale raha. Yeye mwaka 1845 alirudi Feodosia, akajenga nyumba kando ya maji, na makao yake yakawa hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1900.

Hiyo miaka 55 ndiyo ninayotaka uitafune. Rafiki yako yuko sahihi kwamba alichorea ndani. Aliamini kwamba radi, upepo unaokurupuka na maji yanayoruka havisubiri brashi, kwa hiyo mchoraji hana budi kuvibeba kichwani. Ufukweni alikuwa akipiga mistari ya penseli tu. Lakini nyumba yake ilikuwa kando ya bahari ile ile aliyoiona tangu hajui kusoma, na ujanani alikuwa ameshapanda meli za kivita na kukaa na mabaharia. Kichwa chake kilikuwa ghala lililojaa. Ukijifungia wewe leo, utatoa nini? Nikikuuliza maji ya Mikindani yana rangi gani saa kumi na moja jioni, siku ya maji mafu, ukanijibu "bluu", basi ghala bado ni tupu.

Na wapo waliofanya kinyume chake wakafika. Eugène Boudin, Mfaransa wa Honfleur aliyezaliwa mwaka 1824, mtoto wa baharia, alitoka nje na vipande vidogo vya karatasi na chaki za rangi, akachora mawingu na maji palepale. Nyuma ya kila kipande aliandika tarehe, saa na upepo. Ndiye aliyemtoa kijana Claude Monet, aliyekuja kuwa mchoraji maarufu, nje ya nyumba na kumwonyesha kwamba anga linachoreka likiwa mbele yako. Mimi, kwa hali yako, ningeanza na Boudin nikamalizia na Aivazovsky: asubuhi vipande vidogo ufukweni, saa nzima isizidi, nyuma umeandika "maji kujaa, kusi, saa moja". Jioni kaa ndani, usivitazame, chora picha kubwa kwa kumbukumbu. Kisha vitoe ulinganishe. Utajua palipokutoka.

Tuje kwenye chupa, yaani wimbi linalopitisha mwanga. Siku ukipata nauli nenda Msimbati, ulale huko, uwe ufukweni jua linapopanda, maana pale bahari kuu iko mashariki yako na jua linatokea nyuma ya mawimbi. Chagua wimbi moja. Linapoinuka, kabla halijavunjika, karibu na kilele chake kuna ukanda ambapo maji ni membamba. Mwanga unaingia kwa nyuma na kutokea upande wako. Maji humeza wekundu wa mwanga kwanza. Yakiwa membamba hayamezi sana, hivyo ukanda ule unakuwa kijani cha njano, kama jani changa la mgomba ukilitazama dhidi ya jua. Teremsha macho: maji yanaongezeka unene, kijani kinakolea, kinakuwa bluu, na tumboni mwa wimbi ni karibu na weusi. Yote hayo kwenye wimbi lenye kimo cha mtoto. Rudi hapo jioni, jua likiwa mgongoni, wimbi hilo hilo litakuonyesha uso wake tu, halina kitu ndani. Kwa hiyo alichokuwa nacho Aivazovsky ni mahali pa kuweka jua. Katika "Wimbi la Tisa" ya mwaka 1850, picha yenye upana wa zaidi ya mita tatu, jua linachomoza mbele yetu, nyuma ya maji, na watu waliovunjikiwa meli wameng'ang'ania mlingoti upande wa giza. Funika kwa kiganja sehemu zote nyeusi kwenye skrini ya simu yako uone. Ule mwanga utazimika.

Kuna la pili, na hili nadhani ndilo lililomfanya mteja wako aseme ukuta. Panda mtumbwi, utazame maji ubavuni, chini kabisa. Utaona mchanga, majani ya bahari, kivuli cha mtumbwi wenyewe. Sasa inua macho polepole kuelekea Msangamkuu au popote. Kadiri jicho linavyolala, maji yanaacha kukuonyesha yaliyomo na kuanza kuakisi anga, mpaka kule mbali yanakuwa kioo. Maana yake, hata siku ambayo hakuna wimbi hata moja, bahari miguuni pako ina rangi ya kilichomo ndani yake, na bahari ya upeoni ina rangi ya kilicho juu yake. Wewe, kama nimekuelewa, ulifungua kopo moja la bluu, ukashuka nalo kutoka upeoni hadi chini ya picha, kisha ukatia mistari myeupe. Mdogo wangu, ukuta ndivyo unavyopakwa.

Na hiyo nyeupe nayo uifanyie ubahili. Povu lililo kivulini ni la kijivu chenye bluu, la jioni lina uwaridi. Nyeupe tupu iweke mahali pamoja au pawili, padogo kama punje ya mchele.

Kuhusu rangi. Rangi za milango si aibu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini mwenzetu aliyezaliwa Tunduru, alizitumia hizo hizo za makopo juu ya vipande vya hadibodi, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameshaanzisha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Lakini ona alichozifanyia: rangi safi, nzito, zinazong'aa, zimekaa bapa kando kwa kando. Zilimfaa kwa sababu zimetengenezwa kufunika. Kopo likifunika kutu ya dirisha, limefanya kazi yake. Wimbi la chupa linahitaji kinyume: tabaka jembamba linalopenyeka, juu ya sehemu iliyo nyeupe au ya njano hafifu na iliyokauka. Mwanga unaingia kwenye tabaka, unagonga weupe wa chini, unarudi kwako umebeba rangi. Ni jambo lile lile linalotokea ndani ya wimbi la Msimbati, limefanywa kwa brashi.

Una njia mbili. Akriliki za wasanii huchanganywa na maji, hukauka haraka, na ukizimua vizuri zinapenyeka. Ubaya wake ni kwamba kwa joto la Mtwara zinakukaukia kabla hujamaliza kulainisha anga, hivyo uwe na chupa ya kunyunyizia maji. Rangi za mafuta za wasanii zinakupa muda na kina, ila ni ghali, zinakauka kwa siku na wiki, na zina kanuni: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mengi zaidi. Ukigeuza, ya juu itakauka wakati ya chini bado inasogea, na picha itapasuka. Mimi ningekushauri akriliki kwa mwaka wa kwanza. Usinunue boksi zima la rangi ishirini. Nunua nyeupe, bluu mbili, moja inayoelekea zambarau na moja inayoelekea kijani, njano moja na hudhurungi moja. Weusi wa bahari utaupata kwa kuchanganya bluu na hudhurungi, na utakuwa weusi wenye uhai kuliko ule wa kopo.

Merikani endelea nayo, nzuri tu, lakini usiipake mafuta ikiwa tupu. Mafuta yanapokauka huula uzi wa pamba, na baada ya miaka kitambaa kinachanika kama karatasi kuukuu. Ivute kwenye fremu, ipake gundi nyeupe iliyozimuliwa, halafu tabaka mbili za rangi nyeupe ya maji ya ukutani, upitishe msasa laini kati yake. Kwa kujifunzia inatosha. Na kila rangi mpya ijaribu: paka ukanda kwenye karatasi, nusu uifunike kwa kipande cha boksi, uweke dirishani penye jua miezi mitatu. William Turner, Mwingereza mkubwa wa picha za bahari, alitumia nyekundu nzuri sana zilizofifia, na leo baadhi ya machweo yake hayana tena wekundu aliouweka.

Simu? Itumie kwa chombo, usiitumie kwa maji. Simu inakupa kamba zote, foromali, viraka vya tanga, bila kusahau. Maji inayagandisha katika umbo ambalo jicho halijawahi kuliona, na vivuli inavitia giza tupu. Ukinakili, utapata maji ya plastiki.

Ila kamba nazo uzielewe. Nikiwa kijana Lindi nilichora jahazi likiingia ghubani, nikavuka na picha hiyo hadi Kitunda kumwonyesha mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha. Aliitazama kitambo, akaniuliza kwa upole upepo unatoka wapi. Nikasema kusi. Akaweka kidole kwenye tanga, kisha kwenye mawimbi, kisha kwenye bendera ndogo niliyoitia tezi kwa kujipendekeza. Tanga lilikuwa limejaa upepo wa kusi, bendera inapepea kwa kaskazi, na mawimbi yanakwenda kwao. "Hawa watu," akasema, "wamekwisha." Sijawahi kulipa ada ya mwalimu yeyote iliyonifaa kuliko ile nauli ya boti.

Jambo la mwisho kuhusu Aivazovsky, na ndilo hasa ninalotaka kukwambia. Inakadiriwa alichora picha kama 6,000. Mtu hachori elfu sita zote nzuri. Mbalamwezi zake nyingi zinafanana, na mimi nyingine nazipita bila kusimama. Hata "Wimbi la Tisa" lina kasoro ambayo mvuvi ataiona: vilele vinavyojikunja vile ni vya mawimbi yanayokaribia pwani, na watu wale wako bahari kuu. Zilizo bora kwangu ni mbili za uzeeni. "Bahari Nyeusi" ya mwaka 1881 ni maji na anga tu, na tanga moja upeoni usipoangalia vizuri hulioni. "Katikati ya Mawimbi", ya mwaka 1898, aliichora ana miaka 80 na ushei, upana wake unazidi mita nne, na haina hata chombo kimoja. Zote mbili ni za mtu aliyetazama maji yake mpaka hakuhitaji tena kisa cha kuyasindikiza.

Lakini maji yake. Bahari Nyeusi haina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Ni sentimita chache tu. Mwaka 1869 alihudhuria ufunguzi wa mfereji wa Suez, ila huku kwetu hakushuka. Kwa hiyo Feodosia hapakuwa na kile unachokiona wewe kila mwezi: bamvua, maji yanashuka zaidi ya mita tatu, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, mizizi ya mikoko iko wazi, kina mama wako mbali kabisa wakichokoa pweza, na kila kidimbwi kilichobaki kimebeba kipande chake cha anga. Bahari iliyoondoka. Elfu sita zake zote, hiyo hana. Ghuba ya Mikindani imefungwa, maji yake ni tulivu; ukiingiza humo tufani la Urusi utakuwa unadanganya, na atakayekugundua ni jirani yako. Jifunze kwake namna mwanga unavyopita, kisha uupitishe kwenye maji ya kupwa.

Yapo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Ukifanya haya miezi sita na rangi zako bado zinageuka tope, tatizo liko mkononi: unachanganya nyingi mno au brashi haioshwi. Hilo linahitaji mtu asimame nyuma yako akutazame ukifanya kazi. Ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, au Bagamoyo kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, nenda na kazi tatu, mbaya moja iwemo, uombe zitazamwe. Mikindani na Mtwara pia wapo mafundi wanaochonga na kuchora, kaa nao. Na kama utaendelea na rangi za makopo na tina, usifanyie kazi chumbani milango imefungwa. Kichwa kikikugonga, ukipata kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje hapo hapo. Hali ikirudi kila unapochora, nenda kituo cha afya uwaeleze wazi kwamba unavuta mvuke wa rangi. Usiishie kumeza panadol.

Zile picha kumi usizipake juu. Akriliki haishiki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka kama ganda la kitunguu, na hata mafuta juu ya ule uso unaong'aa bila kupiga msasa hayatulii. Ziuze zinazouzika kwa bei yake. Ile ya ukuta baki nayo. Igeuze nyuma, uandike tarehe, saa uliyoichora na upepo uliokuwepo, kama unaukumbuka.